Je, Mtoto Asiyesema Hana la Kusema?

 

Katika ukurasa huu tunataka kutafakari pamoja juu ya swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni, ingawa ni wachache wanaolisema mbele ya watu. Nyumbani kuna mtoto wa miaka 3, au 4, au 5. Anatembea, anakimbia, anakula. Lakini hasemi, au ana maneno mawili matatu tu. Ukimwita kwa jina hageuki. Hakuonyeshi kitu kwa kidole kama watoto wengine wanavyofanya. Akitaka jambo anakushika mkono na kukuvuta, au anajitupa chini na kulia, na mzazi hajui kama ni kiu, au ni tumbo linamuuma, au ni kelele za watu zimemchosha.

Majirani wana majibu mengi. Mmoja anasema ni pepo. Mwingine anasema ni laana ya ukoo. Mwingine anasema mama alimdekeza, na mwingine anasema ni kiburi, achapwe atasema. Wengine hawasemi kitu, ila wanazoea kupita mbele ya mtoto kama vile wanapita mbele ya kiti. Hawamsalimu, kwa sababu hajibu. Hawamwulizi, kwa sababu hasemi. Mwisho wake mtoto anafichwa nyumbani, na mahali pengine anafungwa kamba ili asitoroke wakati wazazi wako shambani.

Basi swali letu ni hili: mtoto asiyesema, je, hana la kusema? Na kama analo, ni kazi ya nani kulitafuta? Ni yake yeye mdogo, au ni yetu sisi tunaosema?

Tujue kwanza hali yenyewe

Si kila mtoto anayenyamaza ana shida moja. Wengine hawasikii vizuri, na kwa hiyo hawajifunzi kusema. Wengine walikuwa wanasema, lakini hofu ya vita na ya safari iliwanyamazisha. Wengine wana kifafa, na wengine ni wazito tu wa kuanza. Ndiyo sababu jambo la kwanza ni kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, masikio yake yapimwe, na kama inahitajika apelekwe hospitali ya Koboko au hospitali ya rufaa ya Arua.

Lakini wako watoto ambao wanasikia, na bado kuwasiliana na watu kunawawia vigumu tangu udogo. Hawatazami uso wa mtu kama wengine. Wanapenda jambo moja na kulirudia, kama kuzungusha kifuniko cha jerikani au kupanga mawe kwa mstari. Mabadiliko madogo yanawasumbua sana, na sauti au mguso ambao wewe huuoni kuwa kitu unaweza kuwaumiza. Hali hii inaitwa usonji, wengine wanasema otizimu. Daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, akiandika habari za watoto 11. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 hivi kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Si jambo la Wazungu peke yao. Watafiti wa hapa Uganda wamewaona watoto hao katika wilaya za Kampala na Wakiso, na wa Kenya wamewaona huko Kilifi. Kwa hiyo katika kambi yenye maelfu ya watu, tusishangae kwamba wako nasi.

Usonji unatokana na jinsi ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo, na mara nyingi mambo ya urithi yana sehemu kubwa. Chanjo haiuleti. Malezi mabaya hayauleti. Kuna wakati hata madaktari wa Ulaya na Marekani walimlaumu mama, wakisema kwamba mtoto amekuwa hivyo kwa sababu mama ana moyo baridi. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba maneno hayo ni ya uongo, lakini mama wengi walikuwa wamekwisha kubeba aibu isiyo yao.

Kwetu kuna lawama nyingine ya namna hiyo: eti mtoto amechanganyikiwa na lugha. Ni kweli kwamba mtoto wa Lobule anasikia Kikakwa, Kilugbara, Kibangala na Kiswahili, na shuleni Kiingereza kinaongezwa. Lakini utafiti uliotolewa Kanada mwaka 2012 ulilinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa katika lugha mbili na wale wa lugha moja, na haukuona kwamba lugha mbili ziliwachelewesha zaidi. Mzazi asiache lugha ya mama yake kwa hofu. Amwambie mtoto wake maneno ya upendo katika lugha ambayo moyo wake mwenyewe unaijua.

Hana mbele ya Eli

Katika 1 Samweli sura ya 1 tunasoma habari za Hana. Aliomba hekaluni huku midomo yake ikitikisika, lakini sauti haikusikika. Kuhani Eli alimtazama, akadhani amelewa, akamkemea. Tuangalie vizuri ni nani aliyeelewa vibaya. Hakuwa mtu mwovu wala adui. Alikuwa kuhani, mahali patakatifu, naye alidhani analinda heshima ya nyumba ya Mungu. Macho yake yaliona kweli: midomo inatikisika, sauti hakuna. Lakini hesabu yake haikuwa sawa. Kutoka katika ukimya wa kinywa alihesabu kwamba ndani hakuna akili timamu, na kumbe ndani kulikuwa na maombi makubwa kuliko yote yaliyofanyika hekaluni siku ile.

Hesabu ya Eli ndiyo hesabu inayofanywa juu ya mtoto wetu. Watu wanaona kitu cha kweli, kwamba hasemi, halafu wanaongeza neno ambalo hawakuliona, kwamba haelewi. Tukikubali hesabu hiyo, mambo mengine yote yanafuata yenyewe. Kama haelewi, hakuna haja ya kumweleza. Tusipomweleza, hajifunzi. Asipojifunza, tunasema: mwaona, tulisema haelewi.

Lakini katika habari ile Eli alifanya pia jambo jema. Hana alipomjibu, alimsikiliza, akabadilisha neno lake, akambariki. Mtoto wetu hawezi kujibu kama Hana alivyojibu. Kwa hiyo inatupasa sisi tutangulie kuuliza, kabla ya kuhukumu.

Na sisi wakimbizi tuna sababu moja zaidi ya kulielewa jambo hili. Tangu mwaka 2013 watu wa Congo walipopokelewa hapa Lobule, wengi walisimama mbele ya meza ya kuandikishwa bila kujua lugha ya ofisi. Mtu alikuwa na kazi kule nyumbani, alikuwa mwalimu, au mkulima mwenye shamba lake, au mzee wa kanisa, na sasa amesimama kama bubu, anaonyesha kwa mikono. Je, siku ile hakuwa na la kusema? Alikuwa nalo, tena lilikuwa zito. Alichohitaji ni mtu wa kumtafsiria. Wengi walisaidiwa na Wakakwa na Walugbara wa upande huu wa mpaka, ambao lugha yao ni moja na ya wenzao wa Congo, na ambao baadhi yao waliwahi kukimbilia Congo na Sudan baada ya vita vya mwaka 1979. Walijua uchungu wa ugeni, wakakaa kando ya mgeni na kumpa maneno.

Tunasema hivi: msaada ambao mtu aliuhitaji alipokuwa mgeni, anao wajibu wa kuutoa akiwa mwenyeji. Ndani ya nyumba yetu, katika lugha zetu, sisi ndio wenyeji. Mtoto yule ndiye mgeni ambaye bado hajaipata lugha ya mahali. Hapo jibu la swali letu linaanza kuonekana. Mwenye nguvu zaidi ndiye anayetangulia kujifunza. Mtu mzima ajifunze kwanza jinsi mtoto anavyosema bila maneno, ndipo mtoto aweze kujifunza maneno ya mtu mzima.

Je, ishara na picha zitamfanya mvivu wa kusema?

Hapa kuna pingamizi la kwanza. Wazazi wanasema: tukimzoeza mtoto kusema kwa mikono au kwa picha, atatosheka na hizo, na maneno ya kinywa hayatakuja kamwe. Ni hofu ya haki, kwa kuwa kila mzazi anatamani kusikia mtoto wake akimwita mama au baba.

Lakini hofu hiyo imechunguzwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti zilizofanywa juu ya watu wenye shida za kukua walioanza kutumia ishara au picha. Kati ya watu 27 ambao habari zao zilichunguzwa vizuri, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Wachache walibaki palepale, na walio wengi, 89 kati ya kila 100, waliongeza maneno, ingawa kwa wengine ongezeko lilikuwa dogo. Basi ishara haikufunga mlango wa kinywa. Sisi wenyewe twajua kwa mfano: mtoto anayebebwa mgongoni hasahau kutembea. Anabebwa kwa sababu njia ni ndefu na miguu yake bado ni midogo, na miguu inapopata nguvu anashuka mwenyewe.

Tena mikono nayo ni lugha. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaagiza kwamba lugha ya ishara ya viziwi iendelezwe. Kama sheria ya nchi inaiheshimu mikono inayosema, sisi tusiione aibu.

Je, ni kukosa imani?

Pingamizi la pili linatoka ndani ya kanisa. Wengine wanasema: tuendelee tu kuomba, Mungu atamfungua kinywa, kumpa mtoto picha ni kukubali kushindwa.

Sisi tunaamini katika maombi, na hatutaacha kuwaombea watoto hawa. Lakini tuangalie Luka sura ya 1. Zakaria alipokuwa hawezi kusema, watu walitaka kujua jina la mtoto wake. Naye hakungoja mpaka ulimi wake ufunguliwe. Aliomba kibao akaandika jina. Tena watu walimfanyia ishara, na hakuna aliyewakataza. Tunajua kwamba Zakaria alinyamazishwa kwa sababu hakusadiki, nasi hatusemi kwamba mtoto wetu yuko katika hali ile. Katika Yohana sura ya 9 Bwana mwenyewe alikataa wazo kwamba upofu wa mtu yule ulitokana na dhambi yake au ya wazazi wake. Tunachojifunza kwa Zakaria ni jambo moja tu: kungoja tendo la Mungu na kutumia kibao vinaweza kukaa katika mkono wa mtu mmoja. Kibao hakikumchelewesha Mungu.

Na kwa kuwa tunazungumza kama familia ya Mungu, tuseme wazi pia lile lisilofaa. Mtoto mdogo hafungi kwa hiari yake, kwa hiyo kumnyima chakula siku nyingi kwa jina la maombi si kufunga, ni njaa. Kumchapa ili pepo atoke ni kumchapa mtoto. Kumzuia dawa za kifafa kunaweza kumwua. Anayemwombea mtoto na amwekee mkono kwa upole, na kama mtoto hapendi kuguswa, amwombee akiwa kando. Katika Marko sura ya 7 Yesu alimtoa mtu kiziwi mwenye utasi kwenye mkutano, akawa naye faraghani, akamgusa masikio na ulimi kabla ya kusema neno. Mtoto anayeteswa na kelele angependa sana njia hiyo.

Kazi ya kila siku ndiyo shule

Pingamizi la tatu ni zito kuliko hayo mawili. Mama anasema: hayo ni mazuri, lakini nitayafanya saa ngapi? Alfajiri niko kwenye pampu ya maji, mchana nalima shamba la watu, jioni natafuta kuni. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, na mwezi wa Mei 2025 wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda waliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Mwenye njaa anaambiwaje akae na kucheza na mtoto?

Hatuna haki ya kumwongezea mama huyu mzigo. Lakini habari njema ni kwamba kazi hii haihitaji saa ya pekee wala vifaa vya kununua. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwatembelea nyumbani walezi wa watoto wasioweza kusema kwa sababu mbalimbali, wakawafundisha kutumia ishara, picha na vitu vya kawaida vya palepale. Habari zao zilichapishwa mwaka 2014, na walezi walieleza mabadiliko mema. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3, na msingi wake ni michezo na kazi za kawaida za nyumbani. Yanaweza kutolewa na watu ambao si madaktari. Wahudumu wa afya wa kijiji na mashirika yanayofanya kazi kambini wanaweza kuulizwa kuhusu mafunzo hayo.

Basi tuone kile ambacho mzazi anaweza kuanza leo, wakati wa kuogesha, kupika au kumenya karanga.

Kwanza, shuka chini mpaka uso wako uwe sawa na uso wake. Usimwite kutoka mbali. Fuata kile anachokitazama yeye. Kama anazungusha kifuniko, keti karibu, uzungushe nawe, useme neno moja: zungusha. Mtoto anayeona kwamba umeingia katika jambo lake atakuwa na sababu ya kukutazama.

Pili, tumia maneno machache, na neno liende pamoja na ishara. Maji, na mkono unaelekea kinywani. Njoo, na mkono unaita. Nyumba nzima ikubaliane: baba, bibi, kaka na dada watumie neno lile lile na ishara ile ile. Kama kila mtu ana ishara yake, mtoto anafundishwa lugha tano kwa wakati mmoja.

Tatu, ngoja. Ukisha kusema au kuuliza, nyamaza na uhesabu moyoni mpaka 10. Watu wazima tunaona kimya cha muda mfupi kuwa kirefu sana, tunajaza maneno, na mtoto aliyekuwa karibu kujibu anakatizwa.

Nne, mpe achague. Shika ndizi mkono huu na karanga mkono huu. Akitazama moja, au akinyoosha mkono, hilo ni jibu. Sema jina lake umpe mara moja. Katika Marko sura ya 10 Bartimayo kipofu alikuja mbele ya Yesu, na kila mtu aliona shida yake. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka nini. Kumwuliza mtu ambaye haja yake inaonekana ni kumheshimu.

Tano, vitu vitumike kama maneno. Kikombe maana yake maji, kijiko maana yake chakula, kipande cha sabuni maana yake kuoga. Viweke mahali ambapo mtoto anafika. Akikuletea kikombe na kukitia mkononi mwako, amesema. Mjibu hapo hapo, useme: maji. Baadaye kitu kinaweza kugeuka picha, iliyochorwa kwa mkaa juu ya kipande cha katoni. Njia ya mtoto kumpa mtu picha ili apate kitu ilitengenezwa Marekani na Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985, na sasa inatumika katika nchi nyingi. Siri yake si uzuri wa picha. Ni kwamba mtoto anamwendea mtu mwingine kwa hiari yake na kumpa ujumbe, naye mtu yule anaupokea.

Haki ya kusema sitaki

Hapa tunafika mahali ambapo dhamiri inahitaji kuwa macho. Ili mtoto aone sababu ya kuwasiliana, mara nyingine tunamwekea kitu anachokipenda mahali anapokiona lakini hakifikii, tukingoja aombe. Je, hii si kumwonea? Yule mdogo ana shida, nasi tunatumia hamu yake.

Tunaona kwamba tofauti iko katika kitu kinachotumika na katika urefu wa kungoja. Kutumia kipande cha ndizi cha nyongeza, au mchezo, au wimbo anaoupenda, kwa muda mfupi, na kukubali jaribio lolote atakalolifanya, huko ni kufundisha. Lakini maji ya mwenye kiu, chakula cha mchana, choo, dawa na kukumbatiwa anapolia si vya kuwekwa rehani. Hivyo ni haki yake hata asiposema neno lolote. Upendo ambao mtoto anapaswa kuununua kwa neno si upendo aliotuonyesha Kristo.

Kuna jambo jingine ambalo linasahauliwa. Wengi wanamfundisha mtoto kusema nipe, kwa kuwa inasaidia. Wachache wanamfundisha kusema sitaki, kwa kuwa inasumbua. Lakini mtoto anayejua nipe peke yake amepewa nusu ya lugha. Mpe ishara ya sitaki, kama kusukuma kwa kiganja, na ishara ya basi, na ishara ya inauma. Halafu anapozitumia, ziheshimu kila inapowezekana. Akikataa kuoga, labda kuoga hakuepukiki, lakini mwonyeshe kwamba umesikia: umesema hutaki, tutafanya upesi. Wazazi, tulitazame jambo hili bila kuficha macho. Kambini kuna watu wabaya kama kila mahali, na mtu mbaya humtafuta mtoto ambaye hawezi kusimulia. Mtoto aliyezoea kwamba sitaki yake haina maana hana kinga. Mtoto ambaye sitaki yake inasikiwa nyumbani, na ambaye anaweza kuonyesha palipouma, ana kinga kidogo, na hata hiyo kidogo ni kubwa.

Na kama hatasema kamwe?

Hatutaki kuwadanganya wazazi kwa tumaini la uongo. Inakadiriwa kwamba watoto 3 hivi kati ya 10 wenye usonji wanafika umri wa shule wakiwa na maneno machache sana au hawana kabisa. Wengine wanaanza kusema baadaye, hata baada ya miaka 5. Wengine watatumia ishara, vitu na picha maisha yao yote. Kuanza mapema kunasaidia, lakini hakuna awezaye kumwahidi mzazi kwamba mtoto wake atasema.

Basi je, kazi imepotea kama neno la kinywa halikuja? Hapana. Lengo letu halikuwa sauti peke yake. Kasuku ana sauti. Lengo ni kwamba mtoto huyu ajue kuwa akimwendea mtu, atapokelewa. Na kwamba sisi tujue anapoumwa, anapoogopa, anapofurahi. Nyumba ambamo mtoto analeta kikombe na kupewa maji bila kilio ni nyumba yenye mazungumzo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo tunawaomba wote, si wazazi peke yao. Walimu wa shule ya Jumapili, msimrudishe mtoto huyu mlangoni. Mpeni mahali pembeni karibu na mlango, mbali na ngoma, mwacheni atoke anapochoka. Vijana, jifunzeni ishara zake tatu au nne. Akina mama wa maombi, mama mwenye mtoto huyu apewe saa moja ya kupumzika katika juma, mtu mwingine akae na mtoto. Majirani, msalimieni kwa jina lake hata kama hatajibu, leo, na kesho, na keshokutwa. Wazee wa kanisa, mnaposikia kwamba kuna mtoto aliyefungwa kamba, nendeni nyumbani kule bila hukumu mdomoni, mkaulize familia inahitaji nini ili kamba ifunguliwe.

Tulianza kwa kuuliza kama mtoto asiyesema hana la kusema. Jibu letu ni kwamba analo, na kwamba Mungu aliyesikia maombi ya Hana yasiyo na sauti analisikia tayari. Yeye hahitaji kibao wala picha. Ni sisi tunaovihitaji, kwa sababu masikio yetu ni mazito, na wajibu wa kuyafungua ni wetu kabla haujawa wa mtoto.

Mungu awabariki, awape subira na nguvu katika nyumba zenu zote. Amina.